Tinian: Kisiwa kilichogeuzwa uwanja wa ndege

UKIKITAFUTA kisiwa cha Tinian kwenye ramani iliyoning'inizwa darasani, huenda usikione. Ni nukta tu katika Bahari ya Pasifiki, chenye ukubwa wa kilomita mraba 101 hivi. Lakini mwaka 1945 kisiwa hicho kilikuwa na uwanja wa ndege uliohesabiwa kuwa mkubwa kupita vyote duniani.

Wenyeji wa asili ni Wachamoro. Wahispania waliwahamishia visiwa vya jirani, Wajerumani wakavinunua visiwa hivyo mwaka 1899, nao Wajapani wakavitwaa mwaka 1914. Wajapani waliifyeka Tinian karibu yote wakapanda miwa, kisha kaskazini, kwenye rasi ya Ushi, wakajenga uwanja wa ndege za kivita.

Marekani haikuwa na haja na sukari. Kutoka Tinian hadi Tokyo ni kilomita 2,400 hivi, umbali ambao ndege mpya ya B-29 ingeweza kwenda na kurudi bila kuongeza mafuta njiani. Basi mnamo Julai 24, 1944, wanajeshi wa Marekani walishuka ufuoni, na kufikia Agosti 1 kisiwa kilikuwa mikononi mwao.

Wahandisi wa jeshi la majini walichimba matumbawe, wakayaponda, wakayashindilia na kuyamwagia lami. Zikatokea barabara nne za kurukia ndege zilizolala sambamba, kila moja ikiwa na urefu wa mita 2,600 hivi. Uwanja huo uliitwa North Field. Kwa kuwa umbo la kisiwa lilifanana na Manhattan kule New York, njia za magari zilipewa majina kama Broadway na 42nd Street. Labda ni kiu ya nyumbani tu, maana aliye mbali na kwao hukosi kumsikia akitaja mitaa ya kwao.

Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, mamia ya ndege kutoka Tinian, Saipan na Guam ziliumwagia mji wa Tokyo mabomu ya moto. Watu wapatao 100,000 waliteketea. Maafa ya usiku huo hutajwa kwa nadra, kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Julai 26, manowari Indianapolis ilitia nanga Tinian ikiwa na sehemu za bomu la atomiki. Siku nne baadaye ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na kati ya watu karibu 1,200 waliokuwemo, walionusurika ni 316 pekee.

Bomu lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 4,400 hivi, na halikuweza kupita chini ya tumbo la ndege. Ilibidi lichimbiwe shimo. Bomu liliteremshwa humo, ndege ikasukumwa kinyumenyume hadi juu yake, kisha jeki ikaliinua likaingia. Kulikuwa na hofu nyingine pia. B-29 nyingi zilikuwa zikianguka na kuwaka moto wakati wa kupaa. Kapteni William Parsons, aliyesimamia bomu, aliamua kwamba baruti za kulifyatua zingetiwa ndege ikiwa tayari angani, la sivyo ajali moja ingeangamiza sehemu kubwa ya kisiwa.

Saa nane na dakika 45 usiku wa kuamkia Agosti 6, rubani Paul Tibbets aliirusha Enola Gay. Saa mbili na robo asubuhi, Hiroshima iliungua. Siku tatu baadaye ndege Bockscar iliondoka hapo hapo. Ililengwa kwenda Kokura, lakini mji huo haukuonekana vizuri, na mzigo ukaangukia Nagasaki. Kufikia mwisho wa mwaka, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na 70,000 hivi Nagasaki.

Vita vilipokwisha, askari walikwenda zao na kichaka kikameza lami. Mti uliotawala ni lusina, huo huo ambao wakulima wetu huwakatia ng'ombe na mbuzi. Mashimo mawili ya mabomu yalifukiwa. Mwaka 2004 yalifukuliwa na kufunikwa kwa vioo ili wageni wayatazame.

Jeshi halikuondoka moja kwa moja. Mwaka 1983 Marekani ilikodisha theluthi mbili ya kisiwa. Mnamo Desemba 2023, mkuu wa jeshi lake la anga katika Pasifiki alitangaza kwamba North Field itafufuliwa, na kazi ya kufyeka kichaka ikaanza. Sababu ni China: kambi kubwa ya Guam ikipigwa makombora, ndege zitahitaji pengine pa kutua.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 2,044 tu Tinian. Kuna wanaotazamia ajira na biashara. Kuna pia wafugaji wanaolisha ng'ombe wao kwenye ardhi hiyo ya jeshi, na wanaohofia kwamba penye ndege za vita ndipo adui hulenga kwanza. Mkataba wa ardhi ni wa miaka 50, na una kifungu kinachoruhusu uongezwe mingine 50.