GPS ya Mkononi Fildi: Nunua Nini, Acha Nini

Msimu wa fildi ukikaribia, sisi wa Jiografia tunaanza kuchangishana. Kikundi cha watu watano kinaazimwa GPS moja ya mkononi, nauli ya Msimbati kila mtu anajilipia, na kwenye kile kidogo kinachobaki ndipo mabishano yanapoanza. Mmoja anataka kava, mwingine protekta ya kioo, wa tatu kaona pawabanki kubwa mjini na roho yake haitulii. Usiku mzima hapa Likombe mnabishana kwenye korido, na asubuhi mnakwenda kununua alichokipenda mwenye sauti kubwa.

Ningependa tubishane kwa hoja. Kanuni yangu ni moja: hela iende kwanza kwenye kitu kitakachokwamisha kazi mapema kuliko vingine. Kwa mazingira yetu, yaani mikoko ya mlango wa Ruvuma, mchanga wa Msimbati na mashamba ya mikorosho ya Mtwara Vijijini, vinavyokwamisha ni vitatu, tena kwa mpangilio huu: betri kuisha, maji ya chumvi, na kifaa kuanguka mahali ambapo hamuwezi kukiokota. Na tukumbuke kifaa ni cha kuazima. Kikizama, bumu la watu watano linazama nacho.

Kwani simu ina ubaya gani?

Hili swali linaulizwa kila mwaka, tulimalize. Simu yako inaweza kujua ulipo hata bila bando. Satelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, zinatuma mawimbi tu, na kifaa chako kinasikiliza. Kikizisikia satelaiti nne au zaidi kwa wakati mmoja, kinapiga hesabu ya mahali ulipo. Bando linahitajika kwa ajili ya picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua mapema ukiwa chuoni.

Shida ya simu ni mwili wake. Kioo hakisomeki vizuri juani, vidole vyenye maji vinakihangaisha, na chaji ikiisha huna betri ya kubadilisha. GPS ya mkononi, kwa mfano zile Garmin eTrex, inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na ukiwa nazo mfukoni unabadilisha ndani ya dakika moja. Kwa hiyo simu ibebwe, iwe na ramani ndani, ila ikae kwenye begi kama akiba.

Betri: hapa usibane hela

Betri za AA tunazoziona madukani ni za aina tatu. Kuna za bei ya chini kabisa, za zinki na kaboni. Hizo zinafaa saa ya ukutani kwa sababu saa inakula umeme kidogo sana, lakini kwenye GPS zinakata haraka. Kuna za alkalaini, zenye volti 1.5, ambazo zinadumu zaidi. Na kuna za kuchaji, za NiMH, zenye volti 1.2, ambazo mwanzoni ni ghali ila unazitumia mara mamia.

Kwa kikundi kinachokwenda fildi mara moja, alkalaini zinatosha. Kwa mtu atakayefundisha Jiografia miaka mingi, za kuchaji pamoja na chaja yake ndizo zinazolipa. Ukitumia za kuchaji, ingia kwenye mipangilio ya kifaa ukiambie aina ya betri uliyoweka. Usipofanya hivyo, kifaa kitasoma ile volti 1.2 kama betri iliyochoka, na alama ya chaji itakudanganya.

Hesabu iko hivi. Vipo vifaa ambavyo watengenezaji wanasema vinakaa hadi saa 25 kwa betri mbili. Wewe panga kwa nusu yake, maana taa ya kioo inawashwa na betri za dukani si mpya zote. Fildi ya siku mbili, saa nane kwa siku, ni saa 16. Beba jozi tatu: moja ndani ya kifaa, mbili za akiba. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito namba ya jozi, 1 na 1, 2 na 2, ili usichanganye nzima na iliyokwisha.

Na pawabanki? Hapa wengi wanapigwa. Kwenye vifaa vingi vya betri za AA, kebo ya USB inakiendesha kifaa tu, haichaji zile betri zilizomo. Halafu ili uchomeke kebo lazima ufunue kile kifuniko cha mpira, na ukishakifunua kifaa hakizuii tena maji. Pawabanki ni nzuri usiku, kwa simu. Katikati ya mikoko haina kazi kwenye GPS.

Maji na chumvi

Vifaa vingi vya aina hii vina kiwango cha IPX7, maana yake vinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Watu wakisoma hapo wanatulia kabisa. Lakini kiwango hicho kinategemea mfuniko wa betri kufungwa vizuri, na chembe moja ya mchanga kwenye ule mpira wa mfuniko inatosha kuruhusu maji. Basi kitambaa kidogo kikavu cha kufutia mpira kila unapobadilisha betri ni kifaa cha ziada muhimu kuliko kava la rangi. Betri badilishia juu ya kanga au begi, siyo juu ya mchanga wenyewe.

Pochi ya plastiki ya kufunga, ile isiyopitisha maji, inunuliwe. Mawimbi ya satelaiti yanapita kwenye plastiki bila tabu. Mkirudi, futeni kifaa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, kikaushwe, na betri zitolewe. Betri zikiachwa ndani mwezi mzima kwenye hewa yetu ya pwani, vile vibati vya ndani vinaota kutu, na mwakani wadogo zetu watakabidhiwa kifaa kibovu.

Kamba na boya

Kuzuia maji na kuelea ni mambo mawili. GPS nyingi ndogo zinazama kama jiwe, na kwenye tope la mikoko kilichozama huwezi kukiona hata kama kiko mita moja chini. Kamba ya shingoni iwe kitu cha pili kununuliwa baada ya betri. Mkiwa kwenye mtumbwi, isiwe shingoni tu, ifungwe pia kwenye mkanda au begi.

Boya halinunuliwi. Wavuvi wanakata kandambili zilizochakaa kufanya maboya ya nyavu, nanyi fanyeni hivyohivyo. Majaribio ni rahisi: kifaa chenye betri kina uzito wa kama gramu 140, kwa hiyo funga kokoto za uzito huo kwenye mfuko, ufunge na vipande vya kandambili, uutupe kwenye ndoo ya maji. Ukizama, ongeza kipande. Kokoto ni nzito kuliko kifaa kwa ukubwa uleule, hivyo boya linaloinua kokoto litainua GPS.

Ramani ya karatasi na dira

GPS za bei ya chini hazina dira ndani. Zinajua unaelekea wapi pale tu unapotembea. Ukisimama, ule mshale hauaminiki. Dira ndogo ya kawaida inamaliza tatizo hilo, na haihitaji betri.

Ramani zetu za zamani za 1:50,000 nazo zina mtego. Zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS ikitoka dukani inatumia WGS84. Usipobadilisha, nukta zako zitakaa karibu mita 300 kutoka mahali pake halisi kwenye ramani. Kisima cha kijiji kitaonekana kiko baharini. Mipangilio ya Mtwara ni Arc 1960, UTM ukanda wa 37 kusini. Kuibadilisha ni bure, na hakuna kava litakalokupa usahihi wa mita 300.

Vya kuacha

Antena ya nje: GPS nyingi za sasa hazina hata pa kuichomeka. Chini ya mikoko simama sehemu yenye uwazi, kiinue kifaa juu ya kichwa, subiri dakika chache namba zitulie. Kadi kubwa ya kumbukumbu: nukta elfu moja hazijazi hata kona ya kadi ndogo. Protekta ya kioo: ni nzuri, ila hela ikibaki.

Kitu ambacho GPS haikioni

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. GPS ina uwezo wa kukurudisha njia uliyopita. Unabonyeza, inakuonyesha mstari, unaufuata. Lakini haijui chochote kuhusu maji kujaa. Hori ulilovuka asubuhi maji yakiwa magotini, mchana linaweza kukupita kimo. Pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa inazidi mita 3. Kifaa kitakuelekeza kwa uaminifu kabisa katikati ya hori lilelile, na mto wenyewe una mamba na viboko.

Kwa hiyo vifaa viwili vya mwisho kwenye orodha havina betri. Cha kwanza ni jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Mtwara, lililonakiliwa kwenye daftari kwa siku zenu za fildi. Pangeni muwe mmevuka kurudi kabla maji hayajaanza kupanda. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa kama dakika 50, msitumie za jana. Cha pili ni mwenyeji, mvuvi au mchota chumvi wa pale, alipwe posho yake kutoka kwenye mchango. Yeye anajua hori lipi limehama tangu mvua zilizopita. Hela ya pawabanki ile iende kwake.

Na msisahau barua ya utambulisho. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, ambako Cabo Delgado haijatulia tangu 2017. Vijana wageni watano wanaopimapima na kuandika namba lazima waulizwe. Hata kwenye mikorosho, mtu akikuona unazunguka shamba lake na kifaa, anawaza linapimwa ili lichukuliwe. Ana haki ya kuwaza hivyo. Pitieni ofisi ya hifadhi, kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa kijiji, mwelezeni mwenye shamba kifaa kinafanya nini, mwonyesheni na kioo.

Orodha ya kikundi, kwa mpangilio wa kununua

1. Jozi tatu za betri za alkalaini au za kuchaji.
2. Kamba ya shingoni na boya la kandambili.
3. Posho ya mwenyeji.
4. Pochi ya plastiki na kitambaa kikavu.
5. Dira, na nakala ya ramani.
6. Jedwali la maji na barua, ambavyo gharama yake ni miguu yenu tu.

Kitakachobaki kinunue protekta, au chips mayai za njiani. Mwakani baadhi yetu tutakuwa BTP kwenye shule ambazo hazina GPS hata moja, au zina moja kwa darasa zima. Mwanafunzi atakayeishika siku hiyo ataiga tunavyoishika sisi, kuanzia kamba mpaka kumsalimia mwenye shamba.