Majani Hutambulisha Mmea

Mvua za mwezi wa Novemba zikinyesha Kinsevere, karibu na Lubumbashi, bustani hujaa machipukizi. Mengine yamepandwa, mengine yamejiotea. Ua bado, tunda bado. Mwenye bustani atajuaje lipi ni mboga, lipi ni gugu? Atayatazama majani.

Kwanza hutazama umbo. Jani la muhogo, ambalo ndilo sombe, limegawanyika kama vidole vya mkono. Jani la lengalenga halikugawanyika.

Pili hutazama ukingo. Ukingo wa lengalenga ni laini. Majani mengine yana meno kama msumeno.

Tatu hutazama jinsi majani yanavyokaa katika shina. Ya lumbalumba hukaa mawili mawili, yakielekeana. Ya lengalenga hukaa moja moja, hili huku, hili kule.

Nne hunusa. Hufikicha jani kidogo kwa vidole, kisha hunawa mikono. Lumbalumba hunukia vizuri. Lakini jani lisilojulikana halionjwi kamwe.

Kazi hii ni ndogo, nayo huokoa maisha. Katikati ya mboga pengine hujiotea mmea ambao watu wa pwani huuita mnanaha. Ukiwa mchanga, waweza kumdanganya mwenye haraka. Mwenye kutazama hadanganyiki: ukingo wa jani lake una meno makubwa yasiyolingana, na jani likifikichwa hunuka vibaya. Baadaye hutoa ua kama tarumbeta, na tunda lenye miiba.

Mnanaha una sumu katika majani, maua na mbegu, wala kupika hakuiondoi. Aliyeula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, huweweseka, na pengine hufa. Mwaka 2019, huko Karamoja katika Uganda, sumu ya namna hii iliingia katika unga wa chakula. Watu karibu 300 waliugua, na watano wakafa.

Basi mtoto aliyetumwa kuchuma mboga, akiona jani asilolijua, aliache, amwulize mama au nkambo. Na mtu akiisha kula, apelekwe hospitali upesi, na jani lenyewe lichukuliwe, ili mganga ajue ni sumu gani.

Maulizo
1. Jani la sombe lina umbo gani?
2. Utatenganishaje lengalenga na mnanaha?
3. Kwa nini jani lisilojulikana halionjwi?