Raga ya Ujira: Mkenya Kati ya Leeds na Featherstone

Vijana wetu wa Voi wakimtaja mchezaji wa kulipwa, aghalabu humfikiria yule wa klabu kubwa, mwenye gari na sifa tele. Mimi huwasimulia habari za Edward Rombo, winga wa Kenya aliyekwenda Leeds, Uingereza, mwaka 1990 kucheza raga ya wachezaji 13. Baadaye alichezea pia Dewsbury na Featherstone Rovers.

Huenda msomaji akauliza: raga hiyo ni ipi? Ilizaliwa Huddersfield mwaka 1895. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda walipocheza Jumamosi walipoteza ujira wa siku. Klabu za kaskazini zikataka kuwafidia. Wakuu wa raga wakakataa. Basi zikajitenga. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Aliyekata mkonge Mwatate anajua kwamba siku bila kazi ni siku bila posho.

Lakini fidia hiyo ilikuwa na gharama yake. Mpaka mwaka 1995, raga ya wachezaji 15 iliporuhusu malipo, aliyepokea fedha za raga ya 13 alifungiwa mlango wa ile ya zamani. Kwa hiyo Mkenya aliyevuka mwaka 1990 aliiweka rehani jezi ya taifa lake. Huo si uamuzi mdogo kwa kijana.

Nako kulipwa hakukuwa utajiri. Wakati ule wachezaji wengi wa klabu ndogo walifanya kazi nyingine mchana, mazoezi jioni. Dewsbury ulikuwa mji wa viwanda vya sufu. Featherstone, mji mdogo wa wachimba makaa. Leeds na miji hiyo miwili ni majirani: ukiizunguka yote mitatu hujamaliza njia ya Voi hadi Taveta.

Wapo wanaomcheka mchezaji anayehama klabu hadi klabu, ati ameshindwa. Mimi sikubaliani nao. Fundi hufuata kazi iliko, na kila klabu mpya humpima upya. Wahenga walinena, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Kwa hiyo, kijana akiniuliza kama atafika klabu kubwa, namjibu kwanza aulize mengine: mkataba ni wa muda gani, akiumia nani atamtibu, na ni mlango gani utafungwa nyuma yake akishatia sahihi.