Kamba Baridi na Mchuzi wa Kuchovyea: Mwongozo kwa Mlaji Aliye Mbali na Bahari

Kamba wa baharini, ambao wengine huwaita kambamiti, wamekwisha kuzoeleka katika meza za sherehe, hata katika miji iliyo mbali na pwani. Mkazi wa Nanyala anayeandaa mahari, kipaimara au mahafali ya mwanawe anaweza kuwapata wakiwa wamegandishwa, ama katika maduka ya Tunduma na Vwawa, ama kwa kuagiza kutoka Mbeya. Namna mojawapo ya kuwaandaa, inayopendwa sana hotelini, ni kuwachemsha, kuwapoza kwa barafu na kuwatenga pamoja na mchuzi mzito wa nyanya wenye ukali, ili mlaji achovye na kula kabla ya mlo mkuu. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuandaa chakula hicho nyumbani, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyakagua kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa nini chakula hiki kinahitaji uangalifu wa pekee

Vyakula vingi vya nyumbani hupata moto dakika chache kabla ya kuliwa. Kamba baridi hawako hivyo. Moto huwapitia mara moja tu; kisha humenywa, hushikwa kwa mikono, hupozwa, hupangwa na kukaa mezani. Uchafu wowote unaoingia baada ya sufuria kuteremshwa hauna moto mwingine wa kuuondoa. Hii ndiyo kanuni kuu ya makala nzima: usalama wa chakula cha baridi hutegemea yale yanayofanyika baada ya kupika kama unavyotegemea kupika kwenyewe.

Jambo la pili ni safari. Kamba wetu wengi huvuliwa katika maji ya pwani, hususan karibu na delta ya mto Rufiji na katika eneo la Bagamoyo na Saadani. Kutoka Dar es Salaam hadi Nanyala ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kuu ya kwenda Zambia. Kamba aliyegandishwa anapaswa kukaa katika nyuzi joto 18 chini ya sifuri, au baridi zaidi ya hapo, muda wote wa safari hiyo. Akiyeyuka njiani kisha akagandishwa tena, barafu humrudishia ugumu lakini haimrudishii ubora. Vijidudu vilivyozaliana alipokuwa ameyeyuka hulala tu kwa baridi, vingi havifi.

Kukagua kabla ya kununua

Kwanza, tazama barafu. Barafu nyembamba inayomfunika kamba mmoja mmoja ni ya kawaida. Huwekwa ili nyama isikauke. Lakini kamba walioshikamana kuwa bonge moja, mfuko wenye barafu nyingi iliyojikusanya chini, au mabaka meupe makavu juu ya nyama, ni dalili kwamba mzigo umewahi kuyeyuka au umekaa muda mrefu.

Pili, nusa. Kamba mzuri ana harufu hafifu ya bahari. Harufu kali inayochoma pua mfano wa amonia, au harufu ya kuoza, ni sababu ya kutosha ya kumwacha. Ndimu na viungo hufunika harufu, haviondoi sumu.

Tatu, tazama rangi. Madoa meusi kichwani na kwenye maungo ya ganda hutokea kamba anapokaa bila baridi ya kutosha au kwa muda mrefu. Madoa hayo peke yake si uthibitisho wa kuoza, ila humtaka mnunuzi achunguze zaidi. Ili kuyazuia, baadhi ya wasindikaji hutumia dawa za jamii ya salfaiti. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu zisizidi miligramu 100 kwa kilo moja ya nyama mbichi ya kamba. Kwa kuwa salfaiti zinaweza kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, ni haki yako kuiona ikiwa imeandikwa kwenye kifungashio.

Nne, soma maelezo ya kifungashio: jina la msindikaji, tarehe ya kufungashwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, uzito halisi na maelekezo ya kuhifadhi. Kamba wanaochotwa kutoka mfuko usio na maandishi hawana wa kuulizwa endapo watamdhuru mlaji.

Uzito wa kamba au uzito wa barafu?

Uzito halisi unaoandikwa kwenye kifungashio haupaswi kujumuisha barafu inayomfunika kamba. Mfano huu unaonyesha ukubwa wa hasara. Tuseme umenunua mfuko wa kilo 1 kwa shilingi 30,000. Ukifika nyumbani, ukaosha barafu ya juu na kupima tena, ukapata gramu 800. Maana yake kilo moja ya kamba imekugharimu shilingi 37,500, na gramu 200 ulizolipia zilikuwa maji. Kipimo hiki ni rahisi: pitisha kamba haraka katika maji baridi mpaka barafu ya juu itoke, wachuje, wapanguse, kisha wapime kabla nyama haijaanza kulainika.

Kumbuka pia kwamba kamba mwenye kichwa na ganda hupungua karibu nusu ya uzito wake akishamenywa. Mwenye bei ndogo kwa kilo si lazima awe ndiye mwenye bei nafuu kwa nyama.

Kuwafikisha nyumbani na kuwayeyusha

Nunua kamba mwisho, baada ya mahitaji mengine yote. Wabebe katika chombo kinachotunza baridi au, kwa uchache, uwafunge kwa magazeti mengi ndani ya mfuko na kurudi moja kwa moja. Wasikae juani kwenye pikipiki au kituoni.

Wayeyushe ndani ya jokofu usiku kucha, katika bakuli lililofunikwa na kuwekwa rafu ya chini, ili maji yao yasidondokee vyakula vingine. Ukiwa na haraka, wafunge katika mfuko usiopenya maji na uutumbukize katika maji baridi, ukiyabadilisha kila baada ya dakika 30. Usiwayeyushe juani wala karibu na jiko, na wakishayeyuka usiwagandishe tena wakiwa wabichi.

Mahitaji kwa watu wanne hadi watano

Kamba: gramu 500 za kamba waliomenywa, chumvi kijiko 1 cha chakula, ndimu nusu, maji lita 2.

Mchuzi: nyanya 6 zilizoiva vizuri, punje 2 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbuzi 1, siki vijiko 2 vya chakula, sukari kijiko 1 cha chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, na maji ya ndimu 1.

Ng'ambo, ukali wa mchuzi huu hutoka kwenye mzizi ambao ni nadra kupatikana katika masoko yetu. Tangawizi na pilipili mbuzi huifanya kazi hiyo vizuri, na nyanya za mashamba ya Mbozi hazihitaji kubadilishwa kwa mchuzi wa chupa.

Kutayarisha mchuzi

Anza na mchuzi, kwa sababu nao lazima upoe. Osha nyanya kwa maji safi, zitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 1, menya na uzisage pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Pika kwa moto wa wastani kwa dakika 20 hadi 25, ukikoroga, mpaka uzito uwe wa kushika kijiko. Ongeza siki, sukari na chumvi, acha uchemke kwa dakika 3, kisha epua na utie maji ya ndimu. Mimina katika chombo kisafi chenye kifuniko. Ukiacha kutoa mvuke mwingi, uweke jokofuni. Hukaa vizuri kwa siku 3.

Wapo wanaopenda kuchanganya mchuzi huu na mayonezi. Kama ni lazima, tumia ya kiwandani ambayo haijapita tarehe yake na imehifadhiwa kama maelekezo yanavyotaka. Mayonezi ya nyumbani hutengenezwa kwa mayai mabichi, na mayai mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya salmonela.

Kupika na kupoza

Pasua mgongo wa kila kamba kwa kisu chembamba na utoe uzi mweusi, ambao ni utumbo wake. Tumia ubao na kisu vya nyama mbichi pekee. Kisha vioshe, pamoja na mikono yako, kwa maji na sabuni.

Chemsha maji yenye chumvi na ndimu mpaka yatokote kwa nguvu, kisha tia kamba. Hapa wakazi wa nyanda za juu wazingatie jambo moja. Kadiri mtu anavyopanda juu ya usawa wa bahari, ndivyo maji yanavyochemka katika joto dogo zaidi. Pwani maji huchemka katika nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 huchemka katika nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa katika kitabu cha mapishi cha pwani huenda zisitoshe. Maji yakirudi kuchemka, hesabu dakika 3 hadi 4, lakini mwamuzi awe kamba mwenyewe. Mchukue aliye mkubwa kuliko wote na umkate katikati: nyama iwe nyeupe yote, isiwe na sehemu ya kijivu inayopenyeza mwanga. Aliye na kipimajoto ahakikishe nyama imefikia nyuzi 70, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja katika kanuni zake tano za chakula salama.

Wengine huamini kwamba ndimu pekee "huwaivisha" kamba, kwa kuwa nyama hugeuka nyeupe. Ndimu hubadili rangi na ugumu wa nyama; haiui vijidudu kama moto uuavyo.

Wachuje mara moja na uwatie katika bakuli la maji na barafu kwa dakika 5. Maji hayo na barafu hiyo vitengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotibiwa ya kunywa. Barafu ya maji ya kisima kisichotibiwa inaweza kurudisha, juu ya kamba aliyekwisha kuiva, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kisha wachuje, wafunike na uwaweke jokofuni, mahali pasipozidi nyuzi 5, kwa saa moja au mbili. Waliwe ndani ya saa 24.

Kuandaa mezani

Weka bakuli la kamba juu ya barafu na utoe kidogo kidogo, zilizobaki zikisubiri jokofuni. Kamba waliokaa nje ya jokofu bila barafu kwa zaidi ya saa 2 watupwe. Chini ya turubai wakati wa jua kali, saa moja inatosha. Tunajua uchungu wa kutupa chakula kilichonunuliwa kwa bei kubwa, lakini gharama ya familia nzima kulazwa ni kubwa zaidi.

Waulize wageni kuhusu mzio kabla ya kuwatengea. Mzio wa kamba unaweza kuleta vipele, uvimbe wa midomo na koo, na kushindwa kupumua, na kupika hakuuondoi. Mwenye dalili hizo awahishwe kituo cha afya bila kusubiri. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wale tu kamba walioiva kabisa na waliotoka jokofuni wakati huohuo.

Umeme ukikatika, au kama huna jokofu

Jokofu lisilofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hutunza kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Baada ya hapo usikisie.

Asiye na jokofu tunamshauri asiandae chakula hiki kikiwa baridi. Apike kamba siku hiyohiyo ya kuwanunua na awatenge wa moto pamoja na mchuzi uleule. Utamu haupungui, na hatari kubwa huondoka.

Haki yako ukiuziwa bidhaa mbovu

Dai risiti na uitunze pamoja na kifungashio. Ukigundua kasoro, piga picha, hifadhi bidhaa katika baridi na urudi kwa muuzaji mapema. Asipokusikiliza, suala la usalama na ubora wa chakula lipeleke Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa jukumu la usalama wa chakula mwaka 2019, au kwa afisa afya wa halmashauri yako. Mizani yenye mashaka na uzito pungufu ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Maelezo ya uongo kuhusu bidhaa yamekatazwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani.

Malalamiko yako hayakusaidii wewe peke yako. Mfuko ulioyeyuka njiani una mifuko mingine iliyosafiri nao, na mingi kati ya hiyo inaweza kuwa bado iko dukani, ikimsubiri mnunuzi mwingine. Taarifa inayotolewa mapema, ikiwa na risiti na kifungashio, huwawezesha wakaguzi kuifuata mifuko hiyo kabla haijafika mezani.