Mkanda wa Umeme Barazani Bodo

Likizo iliyopita nilishuka Bodo kumtazama mama. Mkobani mwangu mlikuwamo kitu nisichotaka kionekane: mkanda wa kichwani unaopitisha umeme ubongoni. Daktari wa London ndiye aliyeniandikia, kwa maradhi ya huzuni yaliyoninyima usingizi.

Siku ya pili mama akanikuta nao barazani. "Mwanangu, umevaa nini tena?"

Wasomaji, wengi hudhani ni kupigwa shoti. La hasha. Vibamba viwili vilivyoloweshwa maji ya chumvi hukaa kipajini. Umeme wenyewe ni miliampia 2 tu, kwa nusu saa. Tochi hula zaidi ya huo. Ukiwasha, ngozi hunyenyereka kama inayotambaliwa na sisimizi, kisha huingia joto. Ulimi huonja chuma, na macho, japo yamefumbwa, huona kimulimuli. Dakika chache hivi, mwasho hupoa. Siku niliyofanya uvivu wa kulowesha vibamba niliungua, nikabaki na duara jekundu usoni.

Kimulimuli hicho ndicho kilichomtisha mama. "Ni wao hao," akasema, na akataka aitwe mganga. Mimi nikanyamaza. Kumwambia mama kwamba mwanawe ana huzuni isiyo na sababu ni kazi nzito kuliko kumwambia ana shetani.

Mjomba, mvuvi wa maji ya Funzi, ndiye aliyetuamua. Akasema mwasho huo aujua: yuko samaki wa jamii ya taa, ukimgusa wavuni mkono wafa ganzi. Naye hakukosea. Mnamo mwaka 47 B.K. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi, aliandika kuwa mwenye kuumwa na kichwa awekewe samaki huyo, hai, mpaka pafe ganzi. Abdul-Latif al-Baghdadi naye, karne ya 13, alimweleza samaki mwingine wa umeme, wa mto Nile, aitwaye raada: amshikaye hutetemeka asiweze kujizuia.

Je, mkanda unaponya? Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilitoa habari za wagonjwa 174 waliotazamwa wiki 10. Waliopata umeme wa kweli walipata nafuu kuliko waliovishwa wa bandia. Majaribio mengine hayakuona tofauti. Mimi usingizi ulinirudia wiki ya tatu.

Mpaka naondoka, mama ndiye aliyekuwa akinikumbusha kila baada ya Laasiri, bakuli la maji ya chumvi mkono huu, na kombe mkono wa pili.