Kadi ya Punguzo si Bima

Nchini Marekani mgonjwa huweza kuingia katika duka la dawa akiwa na cheti cha daktari, akatajiwa bei tatu za dawa moja, na zote tatu zikawa za kweli. Ya kwanza ni bei ya dirishani, anayotozwa mtu asiye na kitu mkononi ila fedha zake. Ya pili ni ile anayolipa mwenye bima. Ya tatu ni ya mwenye kadi ya punguzo, kadi ambayo hutolewa bure na ambayo siku hizi watu wengi huitunza katika simu. Tofauti baina ya bei hizo huenda ikawa ya dola chache, au ikawa kubwa kiasi cha mtu kuiacha dawa dirishani na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Jambo hili haliko mbali na eneo hili la Maziwa Makuu kama linavyoweza kudhaniwa. Katika mwaka wa fedha wa 2019 peke yake, Marekani iliwapokea wakimbizi wapatao 13,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Watu hao wametoka katika nchi ambako bei ya dawa, iwe ghali au rahisi, huulizwa mara moja na kujibiwa mara moja. Huko walikokwenda, jibu hutegemea ni kadi gani iliyotolewa mfukoni.

Inafaa kwanza kuitenganisha bima na punguzo, kwani kadi hizi mbili hufanana kwa sura, na wauzaji wengine hawaoni haraka ya kuwafahamisha watu tofauti yake. Bima ni mfuko wa pamoja. Wengi huchanga kabla ya kuugua ili wachache watakaougua wasielemewe peke yao. Wanyarwanda wanaujua mpango huo kwa jina la mutuelle: mwanachama hulipa ada yake ya mwaka, na akilazwa hospitali hutoa asilimia 10 ya gharama, nyingine hulipwa na mfuko. Kadi ya punguzo haina mfuko. Hakuna aliyechanga, na hakuna atakayelipa badala ya mgonjwa. Kazi yake ni kuiteremsha bei ya dawa moja kwa siku moja, na kiasi kilichobaki mgonjwa hukitoa chote mwenyewe.

Lakini bei hiyo huteremkaje, na kwa nini ilikuwa juu? Kati ya viwanda, maduka na makampuni ya bima wapo mawakala wakubwa wanaopatana bei kwa niaba ya bima. Kwa mujibu wa taarifa ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ya Julai 2024, mawakala watatu wakubwa, CVS Caremark, Express Scripts na OptumRx, walikuwa wakishughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zote zinazoandikwa na madaktari nchini humo. Mikataba yao kwa kawaida husema kwamba duka litalipwa bei iliyopatanwa au bei ya dirishani, ile iliyo ndogo. Mwenye duka basi huiweka bei ya dirishani juu sana, asije akajipunja. Anayeumia ni yule asiye na wakala wa kumsemea, naye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote waliosimama katika foleni ile. Mwaka 2023 Wamarekani wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote.

Kampuni za kadi ziliingia katika pengo hilo. GoodRx, iliyo maarufu zaidi, ilianzishwa mwaka 2011 katika jimbo la California. Humwazima mgonjwa bei ya wakala. Duka hutoa ada kwa kila dawa iliyouzwa hivyo, na sehemu ya ada hiyo huifikia kampuni ya kadi. Ndiyo sababu kadi hutolewa bure. Kwa mtu asiye na bima, anayenunua dawa ya kawaida ya shinikizo la damu ambayo hataza ya kiwanda chake imekwisha, msaada huo ni wa kweli na haufai kudharauliwa.

Ugumu humwangukia mwenye bima. Yeye huambiwa kwamba kadi na bima havitumiki pamoja katika ununuzi mmoja, na ni lazima achague. Akiitazama bei ya siku hiyo peke yake, huenda akachagua vibaya. Bima nyingi za Marekani humtaka mwanachama, juu ya ada yake ya kila mwezi, alipe kwanza kiasi fulani cha matibabu yake ya mwaka kabla ya mfuko kuanza kumsaidia. Tuseme kiasi hicho ni dola 2,000. Tuseme tena kwamba dawa yake ni dola 400 kwa mwezi kwa bei ya bima, na dola 330 kwa kadi. Mwezi wa kwanza kadi inamwokolea dola 70, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeishika kadi. Lakini fedha zinazolipwa kwa kadi kwa kawaida hazihesabiwi na bima. Akiendelea na kadi mwaka mzima atatoa dola 3,960. Kama angetumia bima, angelipa dola 400 kwa miezi mitano, akaumaliza wajibu wake, na miezi saba iliyobaki akachangia, tuseme, dola 40 kila mwezi. Jumla yake ni dola 2,280. Ile nafuu ya dola 70 imemgharimu dola 1,680.

Ubaya zaidi ni pale anapougua ugonjwa mwingine katikati ya mwaka na kulazwa. Hapo hugundua kwamba katika vitabu vya bima yeye ni kama mtu ambaye hajalipa hata senti. Bima nyingi zina kikomo cha fedha ambazo mgonjwa aweza kutozwa kwa mwaka, na kwa bima zinazouzwa chini ya sheria ya mwaka 2010 kikomo hicho hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,200 kwa mtu mmoja katika mwaka 2025. Kadi haina kikomo.

Hesabu hii yaweza pia kugeuka. Ikiwa mtu anatumia dawa moja tu iliyo rahisi, na bima inamtaka achangie dola 15 kwa dawa ambayo kwa kadi ni dola 9, hana sababu ya kuionea haya kadi. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walieleza mwaka 2018 kwamba katika dawa walizozichunguza, zilizonunuliwa mwaka 2013, karibu asilimia 23 zilimtoza mgonjwa mchango uliozidi kile ambacho bima ingelipa kwa dawa ile ile. Wakati ule wafamasia wengine walifungwa mdomo na mikataba, wasimwambie mgonjwa kwamba kulipa bila bima ni nafuu. Ilibidi sheria mbili zitiwe sahihi Oktoba 2018 ili muuza dawa awe na ruhusa ya kusema bei ya dawa anayoiuza! Ruhusa hiyo sasa ipo, ila sheria haimlazimishi mfamasia kusema bila ya kuulizwa.

Kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, walio katika bima ya serikali iitwayo Medicare, mizani imebadilika zaidi. Sheria ya Agosti 2022 iliweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini kuanzia mwaka 2023, na kuanzia 2025 mzee mwenye bima ya dawa ya Medicare hakutakiwa kutoa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa dawa zinazokubaliwa na bima yake. Mwaka 2026 kiasi hicho kikawa dola 2,100. Mzee mwenye dawa nyingi anayenunua kwa kadi hujichelewesha mwenyewe kukifikia kikomo hicho. Na kwa wale walio katika Medicaid, bima ya watu wa kipato kidogo ambayo wakimbizi wengi wamewahi kuitumia, mchango wa dawa kwa kawaida ni dola chache au si kitu, hivyo kadi haina la kuwaongezea.

Kadi ya bure nayo ina malipo yake yasiyoonekana. Februari 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishitaki GoodRx, ikidai kwamba ilizipa kampuni za matangazo, zikiwamo Facebook na Google, habari za dawa na maradhi ya wateja wake bila ya idhini yao. Kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 pasipo kukiri kosa.

Mwenye bima aliyekwisha kununua kwa kadi bado ana mlango mmoja mdogo. Baadhi ya makampuni ya bima hukubali kuihesabu risiti ya dawa iliyolipiwa kwa fedha taslimu, mradi mwanachama aijaze fomu na kuipeleka mwenyewe. Haifanyiki hivyo yenyewe, na fomu imeandikwa kwa Kiingereza. Kwa mama aliyefika juzi kutoka Uvira au Fizi, risiti ile hubaki ndani ya mfuko wa dawa, na mara nyingi hutupwa pamoja nao.