Vyuma Mgongoni na Maficho ya Bakteria

Uti wa mgongo wa binadamu umejengwa kwa pingili nyingi, na ndani yake hupita mishipa mikuu ya fahamu. Pingili zikivunjika au zikipinda kupita kiasi, madaktari wapasuaji huweza kuziunganisha ziwe mfupa mmoja. Vipande vya mfupa hupandikizwa kati yake, na vyuma huzishikilia zisicheze mpaka mfupa mpya uote, kazi ichukuayo miezi kadhaa. Mwaka 1962 Dakta Paul Harrington wa Houston, Marekani, alieleza jinsi ya kunyoosha migongo kwa fimbo za chuma; siku hizi fimbo na skrubu za titani hutumika sana.

Hata hivyo, kwa wagonjwa wachache kati ya kila 100, bakteria huingia kidondani na kukifikia chuma. Aghalabu huwa ni stafilokoka, ambao huishi juu ya ngozi bila kudhuru. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen wa Uingereza walionyesha kwamba ili ngozi yenye afya itunge usaha, walihitajika stafilokoka milioni kadhaa. Lakini palipoachwa uzi wa kushonea, mia chache tu walitosha. Chuma nacho ni kitu kigeni kisicho na mishipa ya damu. Bakteria hujibandika juu yake na kutoa ute unaowafunika kama utando. Ndani ya utando huo wengi wao hukua polepole, ilhali dawa nyingi huua hasa bakteria wanaokua upesi.

Je, si afadhali chuma kiondolewe mara moja? La, si daima. Kikiondolewa kabla mfupa haujaungana, mgongo huweza kupinda tena na mishipa ya fahamu kuumia. Isitoshe, mfupa unaochezacheza hupona kwa shida. Kwa hiyo, ugonjwa ukigunduliwa katika majuma ya kwanza, kabla utando haujakomaa, wapasuaji hufungua kidonda, huchukua vipande vya nyama ili maabara itambue aina ya bakteria, hukata nyama iliyokufa, na kuosha kwa maji mengi ya chumvi. Skrubu zilizolegea hubadilishwa. Zilizo imara aghalabu huachwa. Kisha dawa hutolewa kwa majuma mengi. Rifampisini, ijulikanayo sana katika tiba ya kifua kikuu, huweza kuwaua stafilokoka utandoni, lakini huambatanishwa na dawa nyingine, kwani ikitumiwa peke yake bakteria huwa sugu upesi. Mfupa ukiwa umekwisha kuungana, chuma huweza kuondolewa pamoja na maficho yake.

Ni dhahiri basi kwamba wakati ndio jambo kubwa. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au kidonda kinachotoa majimaji, yafaa kupelekwa hospitali bila kukawia, hata kama mgonjwa hana homa. Kila juma linalopotea huuimarisha utando.